Ukoo Ulioanzia Jahazini

"Kengeleni! Kengeleni!" Makondakta wa matatu za Mombasa huliita jina hilo mchana kutwa, na abiria wengi hushuka hapo bila kujiuliza ni kengele gani. Ni kengele ya Freretown. Kijiji hicho kilianzishwa na misheni ya Kianglikana ya CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, na kengele ilikuwa ya kuwaonya wakazi hatari inapokaribia. Jina la kijiji lilitokana na Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekuja Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultan Barghash afunge soko la watumwa.

Vitukuu wa watu hao wangalipo, na baadhi yao wanatafuta asili yao. Kazi hiyo ina ugumu wake. Jirani yao Mgiriama akiulizwa atokako hutaja mbari na kaya, kisha hupanda kizazi baada ya kizazi. Kwa familia nyingi za Freretown, ukipanda hivyo unafika kwenye jahazi, na nyuma ya jahazi hapana jina la mtu. Kinachobaki ni makaburi na vitabu vya kanisa.

Makaburi yana upendeleo wake. Rosine, mke wa mmisionari Krapf, alifariki Mombasa Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika, pamoja na mtoto wake mchanga. Mpaka leo kaburi lake lajulikana pale Nyali. Watumwa walioachwa huru hawakuwa na fedha za mawe. Msalaba wa mti huliwa na mchwa, na baada ya masika machache hakuna ajuaye nani kalala wapi.

Hata penye jiwe, chumvi ya bahari na mvua hula herufi. Wazoefu huenda jioni na tochi. Hawaimuliki usoni pa jiwe bali ubavuni, taa ikiwa chini, na maandishi yaliyodhaniwa yamefutika hujitokeza kwa vivuli vyake. Maji safi na brashi laini vyatosha kuondoa ukungu. Brashi ya waya na asidi humaliza kile ambacho bahari ilikuwa bado haijamaliza. Kisha hunakiliwa kila kitu, pamoja na makosa ya mchongaji, na majina ya makaburi ya jirani pia, kwa kuwa ndugu na mashemeji huzikwa karibu.

Ndipo inapoingia zamu ya ofisi ya parishi. Daftari la ubatizo la Kianglikana lina safu za tarehe, jina la mtoto, majina ya wazazi, makazi, kazi ya baba na jina la kasisi. Aliyetolewa jahazini akiwa mdogo huenda hakujua wazazi wake waliitwaje kwa namna ambayo Mzungu angeweza kuiandika. Umri wake nao ulikadiriwa kwa macho. Kwa hiyo msomaji asikimbilie tarehe: ya ubatizo si ya kuzaliwa, na kwa mtu mzima zaweza kupishana miaka ishirini.

Vitabu vya Kikatoliki, kama vya misheni ya Bagamoyo iliyoanza mwaka 1868, vina tunu moja zaidi: ukingo wa ukurasa. Kwa sheria ya Kanisa, mtu akifunga ndoa, habari hupelekwa parokia alikobatizwa na kuandikwa kando ya jina lake, hata kama ameolewa mbali sana. Mstari mmoja wa wino ukingoni waweza kuonyesha binti alikokwenda. Wasimamizi wa ubatizo nao wasirukwe, maana asiye na ndugu wa damu alisimamiwa na watu wake wa karibu.

Mtego mkubwa ni majina. Mfano mzuri ni wa James Juma Mbotela, aliyeandika kitabu cha *Uhuru wa Watumwa*, kilichotoka mwaka 1934, kutokana na habari alizozipata kwa baba yake, mmoja wa waliookolewa. James ni la Kizungu, Juma ni la Kiswahili, Mbotela ni la baba. Anayemtafuta mtu wa aina hiyo kwa jina moja tu atampita kitabuni bila kumtambua. Wakenya wengi walikuja kuufahamu ukoo huo redioni, kwa sauti ya Leonard Mambo Mbotela na kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?"

Tahajia ni balaa jingine. Kamati ya kusanifisha Kiswahili iliundwa mwaka 1930. Kabla ya hapo Mjerumani aliandika kwa sikio la Kijerumani na Mwingereza kwa la Kiingereza, kwa hiyo jina lisomwe kwa sauti kabla ya kusema halimo.

Si wote waliotoka baharini. Rabai, kilomita chache bara, palijaa watoro waliokimbia mabwana zao wa pwani. Tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na misheni za jirani walipewa hati za uhuru, baada ya mabwana kuahidiwa fidia. Barua na taarifa za wamisionari wa CMS sasa zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, mbali na vitukuu wanaozihitaji. Lingekuwa jambo la haki nakala zake zikapatikana Mombasa.

Anayetaka kuanza, aanze na wazee walio hai. Kisha aende ofisi ya parishi au parokia asubuhi ya siku ya kazi, akiwa na kitambulisho, na jina la nyanya yake kama lilivyotamkwa nyumbani. Asipige picha ya ukurasa kabla ya kupewa ruhusa.