Rafu ya matangi ya samaki ichaguliwe kwa uzito, si kwa sura

UFUGAJI wa samaki wa mapambo aghalabu huanza na tangi moja sebuleni. Muda si mrefu samaki huzaana, vifaranga huhitaji kutengwa wasije wakaliwa na wakubwa wao, na anayeugua naye huhitaji tangi lake. Anayefuga fulu wa Ziwa Victoria hulazimika kuwa na matangi kadhaa, kwa kuwa aina mbalimbali za samaki hao huweza kupandana zikichanganywa, na uzao wake ukapoteza asili.

Nafasi ikiwa finyu, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kukodisha mijini, suluhisho huwa ni kuyapanga matangi hayo juu kwa juu kwenye rafu. Hapo ndipo makosa mengi hufanyika. Rafu iliyoundwa kubeba vitabu au vyombo vya jikoni hutwikwa maji, na mwenyewe huridhika kwa kuwa haikuvunjika siku ya kwanza.

Jambo la kwanza ni kufanya hesabu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la kawaida lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30 lina ujazo wa lita 54. Ukijumlisha maji, changarawe ya sentimita tano na vioo vyenye unene wa milimita sita, uzito wake hufikia takribani kilo 70.

Rafu yenye ngazi tatu, kila ngazi ikiwa na matangi mawili ya aina hiyo, itabeba takribani kilo 420. Huo ni uzito unaokaribia magunia matano ya mahindi ya kilo 90, nao hautulii kwa siku moja tu bali mwaka baada ya mwaka.

Rafu zinazouzwa madukani huandikwa uzito zinaoweza kubeba. Mnunuzi anapaswa kuchunguza iwapo uzito huo ni wa kila ngazi au wa rafu nzima. Aidha, kipimo hicho huchukulia kwamba mzigo umetandazwa sawasawa. Rafu iliyoandikwa kilo 150 kwa ngazi haifai kutwikwa kilo 140 za matangi, kwa kuwa haiachi akiba yoyote. Ni busara kuchagua inayoweza kubeba angalau mara moja na nusu ya mzigo unaotarajiwa.

Hata hivyo, kutovunjika kwa rafu hakutoshi. Kioo hakivumilii kupindwa. Ngazi ikibonyea katikati au mguu mmoja ukizama kidogo, tangi hujikunja pamoja nayo, na ufa huweza kutokea hata kama chuma hakijakatika. Kwa sababu hiyo, ugumu wa rafu ni muhimu kama nguvu zake.

Anayeamua kutengenezewa rafu na fundi wa Jua Kali anafaa kutaja vipimo vya chuma badala ya kuagiza kwa jumla. Kwa hesabu ya kawaida ya uhandisi, ngazi ya sentimita 120 iliyoshikiliwa na vyuma viwili vya mraba vya milimita 40, vyenye unene wa milimita mbili, itabonyea takribani milimita moja ikibeba kilo 140. Vyuma vya milimita 25 vyenye unene wa milimita moja na nusu vitabonyea karibu milimita sita. Kwa macho rafu hizo mbili hukaribiana, lakini moja ni hatari kwa vioo.

Mbao pia hufaa zikitumiwa ipasavyo. Ubao wa inchi mbili kwa nne ukisimamishwa kwa ubavu wake mwembamba hubonyea robo tu ya vile ambavyo ungebonyea ukilazwa. Muhimu zaidi, mbao za kulala zikalie juu ya miguu au vipande vilivyopigiliwa kwenye miguu hiyo, ili uzito ushuke moja kwa moja hadi sakafuni. Zikining'inia kwa misumari au skrubu pekee, uzito wote hubebwa na vyuma hivyo vidogo.

Mbao zilizotengenezwa kwa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi ziepukwe. Zikilowa huvimba na kumeguka, na maji hayakosi kumwagika palipo na matangi. Chuma nacho kipakwe rangi ya kuzuia kutu, hasa kwenye viungo vilivyolehemiwa, na ncha za mabomba zizibwe.

Rafu huweza kubeba uzito wote na bado ikaanguka kwa kuyumba. Ndiyo maana fundi anapaswa kuweka vyuma vya mshazari nyuma na ubavuni. Penye watoto, rafu ifungwe pia ukutani kwa boliti, kwa sababu mtoto huona ngazi ya kupanda pale mkubwa anapoona rafu. Mpangaji aombe idhini ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta.

Tangi lenye kioo kitupu chini liwekwe juu ya plaiwudi nene iliyonyooka, na katikati kutandikwe karatasi ya povu ili kufidia vijitundu na mabonde madogo. Lakini tangi lenye fremu ya plastiki chini hukalia kingo zake, hivyo halihitaji povu.

Matangi mazito yakae ngazi ya chini. Kati ya ngazi moja na nyingine iachwe nafasi ya kupitisha mkono, wavu na ndoo ndogo. Ngazi ya juu isizidi kimo cha macho, kwani kubadilisha maji juu ya kigoda ni kutafuta ajali.

Sakafu nayo isisahaulike. Viwango vya ujenzi vya Uingereza vya BS 6399 viliweka kilo 150 hivi kwa kila mita mraba kuwa mzigo wa kukadiriwa kwa vyumba vya makazi. Kipimo hicho huchukulia mzigo uliotapakaa chumbani, ilhali rafu hurundika wake mahali padogo. Katika nyumba ya orofa, rafu iwekwe kando ya ukuta wala si katikati ya chumba. Anayetaka rafu kadhaa amwone mhandisi kwanza, kwa sababu maji yakimwagika, atakayeamka usiku ni jirani wa chini.

Kuhusu umeme, soketi ziwekwe kando na juu, kamwe zisiwe chini ya tangi. Nyaya za pampu na hita ziachwe zining'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili maji yanayotiririka juu yake yadondoke sakafuni.

Kabla ya kuweka kioo chochote, rafu ijaribiwe. Mifuko mitatu ya saruji ya kilo 50 kwa kila ngazi, ikianzia ya chini, inatosha kwa mfano uliotolewa hapa. Uzi uvutwe kutoka ncha moja ya chuma hadi nyingine, na pimamaji iwekwe kila upande. Mifuko ikae siku mbili, kisha vipimo virudiwe. Iwapo chuma kimeachana na uzi au pimamaji imehama, rafu irejeshwe kwa fundi.

Saruji ikianguka hasara yake ni mfuko uliopasuka. Matangi sita yakianguka, zaidi ya lita 250 za maji, vioo, umeme na samaki wa miaka mingi vitakuwa sakafuni kwa wakati mmoja.