Maji ya Chumvi kwa Pua Iliyoziba

Katika sehemu za juu za Kenya, kama vile Limuru na Nyahururu, mwezi wa Julai huja na baridi na ukungu, na watu wengi hushikwa na mafua. Mtu mzima aliyezibwa pua huona taabu usiku, walakini huweza kupumua kwa kinywa mpaka kukapambazuka. Mtoto mchanga hana nafasi hiyo. Katika miezi yake ya kwanza yeye hupumua zaidi kwa pua, na anaponyonya kinywa chake kina kazi nyingine. Pua ikiziba, hunyonya mara mbili tatu, huachia titi, hulia, kisha huanza tena; mwisho huchoka na kulala na njaa. Kwa hiyo pua iliyoziba si jambo la kudharauliwa katika nyumba yenye mtoto. Iko njia nyepesi ya kuleta nafuu, nayo ni maji ya chumvi.

Kwanza yafaa kujua kwa nini pua huziba. Wengi hudhani ya kwamba ni kamasi peke yake. Sivyo. Ndani ya pua mna ngozi laini yenye unyevu, na chini yake mna mishipa mingi midogo ya damu. Virusi vya mafua vikiingia, mishipa hiyo hujaa damu na ngozi huvimba, hata njia ya pumzi ikawa nyembamba. Kamasi nazo huongezeka na kuwa nzito. Ndiyo sababu mtu aweza kupenga kwa nguvu zake zote asitoe kitu, na pua ikabaki vile vile.

Maji ya chumvi hulainisha kamasi nzito zipate kutoka, huondoa vumbi na masizi ya moshi, na kuipa ngozi unyevu. Hayaui virusi. Mafua yenyewe kwa kawaida huisha katika muda wa siku 7 hadi 10, na kazi ya maji haya ni kupunguza taabu katika siku hizo.

Huenda mtu akauliza, kwa nini chumvi? Kila aliyepata kuoga mtoni na maji yakamwingia puani ajua jinsi yanavyochoma. Maji matupu hayana chumvi, bali mwili wa mwanadamu unayo. Maji yenye kiasi cha gramu 9 za chumvi katika lita moja hulingana na mwili, kwa hiyo hayachomi. Maji ya bahari yana kama gramu 35 katika lita, yaani karibu mara nne. Basi mkazi wa Malindi asifikiri ya kuwa yatosha kuteka ufuoni.

Maji haya huuzwa katika maduka ya dawa, katika vichupa vya kupuliza na vya matone. Asiyeweza kuyanunua aweza kuyatengeneza nyumbani, lakini hapana budi afuate masharti haya:

1. Maji yachemshwe mpaka yatokote kwa muda wa dakika moja, na katika nchi za milimani dakika tatu, kisha yaachwe yapoe. Kuyachuja kwa kitambaa hakutoshi. Katika maji matamu yenye joto, kama ya ziwa, mto au bwawa, huweza kuwamo kijidudu kisichomdhuru anayeyanywa, bali kikipita puani chaweza kufika kwenye ubongo na kuua. Ugonjwa huo ni nadra sana, lakini wachache mno hupona.

2. Katika lita moja ya maji itiwe chumvi safi ya mezani, kijiko kimoja na nusu cha chai, kilichosawazishwa bila kilima. Magadi yasitumiwe kamwe, maana huunguza.

3. Maji yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko, na yatakayobaki baada ya siku moja yamwagwe.

Anayetumia kichupa cha kupuliza anawe mikono na kupenga polepole. Kisha ainamishe kichwa kidogo mbele, aingize ncha ya kichupa puani, na kuielekeza upande wa nje, isigonge ukuta wa katikati ya pua. Abonyeze huku akivuta pumzi taratibu. Ncha ifutwe kila baada ya kutumiwa, wala watu wawili wasitumie kichupa kimoja, kwa maana hivyo mafua hupita kutoka kwa huyu hadi kwa yule.

Mtoto mchanga alazwe chali, atiwe matone mawili au matatu katika kila tundu la pua, robo saa hivi kabla ya kunyonya. Baada ya dakika moja kamasi zilizolainika zifutwe kwa kitambaa safi, au zivutwe polepole kwa kipira cha kuvutia kamasi.

Maji ya chumvi yasichanganywe na zile dawa za pua ambazo hunywesha mishipa ya damu. Hizo hufungua pua upesi, lakini mtu akizitumia kwa siku nyingi mfululizo pua huziba tena kuliko kwanza, naye huona hawezi kuziacha. Mtoto mdogo asipewe dawa hizo bila shauri la daktari.

Iko pia saa ya kuacha matone na kwenda hospitali bila kukawia. Mtoto akishindwa kunyonya, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akihema kwa haraka, hiyo yaweza kuwa homa ya mapafu. Mzazi na ahesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 12, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya hatari. Tena, tundu moja tu la pua likitoa usaha wenye harufu mbaya, huenda mtoto ameingiza harage au ushanga. Mzazi asijaribu kuuchokoa, asije akausukuma ndani zaidi.

Lakini yakiwa ni mafua tu, sufuria ya maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo huweza kumpa mtoto nafasi ya kunyonya akashiba, na mama yake akapata usingizi.