Pini Inayogeuza Sauti Kuwa Amri

Je, wajua kwamba mojawapo ya sinthesaiza zilizotikisa muziki wa Uingereza miaka ya 1970 iliuzwa bila kinanda? Aliyetaka kinanda alikinunua kando. VCS3 ya kampuni ya EMS ilitoka London mwaka 1969 kwa bei ya pauni 330: sanduku la mbao lenye umbo la L, vitasa vingi usoni, fimbo ndogo ya kusukuma huku na huku, na ubao wa mraba uliojaa matundu. Safu 16 zilizolala zina namba, safu 16 zilizosimama zina herufi kuanzia A hadi P. Ukizidisha unapata matundu 256, na karibu kila kitu inachoweza kufanya mashine hii kinaanzia hapo.

Ndani ya sanduku mna osileta tatu zinazotoa mawimbi ya umeme, saketi ya kutoa mvumo kama wa redio isiyoshika stesheni, kichujio cha kukata sauti kali, saketi ya kuamua nguvu ya sauti ipande na kushuka vipi, na springi za kutoa mwangwi. Lakini hakuna kimoja kilichounganishwa na kingine. Washa mashine bila pini hata moja na spika zake mbili zitakaa kimya. Safu iliyolala hubeba ishara inayotoka mahali fulani. Safu iliyosimama huingiza ishara mahali fulani. Ukichomeka pini zinapokutana, njia imefunguka.

Chomeka pini kutoka osileta ya kwanza kwenda kwenye mkondo wa kutokea, utasikia mlio mmoja ulionyooka, usio na uhai. Sasa chukua osileta ya tatu, ipunguze kasi hadi mitetemo mitano au sita kwa sekunde. Usiipeleke kwenye spika. Ichomeke kwa pini ya pili kwenye safu inayoamua kimo cha osileta ya kwanza. Wewe hujagusa chochote tena, lakini mlio unapanda na kushuka, kana kwamba kuna mkono usioonekana unaotikisa kitasa. Hiyo ndiyo modulesheni: wimbi moja la umeme linaliamuru wimbi jingine. Osileta ya tatu haisikiki, ila kazi yake inasikika.

Halafu ongeza kasi ya osileta hiyo ya tatu taratibu. Kwenye mitetemo kumi mlio unatikisika kwa fujo. Ukipita ishirini hivi, jambo la ajabu linatokea: sikio linashindwa kufuata kupanda na kushuka, na badala ya mlio unaotikisika unasikia sauti mpya kabisa, yenye ukali wa kengele au wa bati linalopigwa. Pini haikuhama. Kilichobadilika ni kasi tu, na mtikisiko umekuwa rangi ya sauti. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, John Chowning aligundua jambo hilohilo kwenye kompyuta alipokuwa akizidisha kasi na kina cha mtikisiko wa sauti. Yamaha waliinunua haki ya kulitumia, na mwaka 1983 likazaa DX7, sinthesaiza iliyosikika kila kona ya dunia.

Wazo la kuongoza saketi kwa volteji lilikuwa tayari limeshika kasi Marekani tangu katikati ya miaka ya 1960, kwa kazi ya Robert Moog upande wa New York na Don Buchla upande wa California. Mashine zao kubwa ziliunganishwa kwa waya za kuchomeka mbele, na fundi aliyetaka sauti ngumu aliishia na msitu wa waya unaofunika vitasa. Buchla alitenga kabisa: waya za aina moja kwa sauti, za aina nyingine kwa amri. Sababu yake inaeleweka, kwani mtu hawezi kukosea njia. Kwa upande wangu, waliofanya vyema zaidi ni hawa wa London. David Cockerell, aliyesanifu saketi za VCS3, aliacha sauti na amri zikutane kwenye ubao mmoja. Umeme ni umeme; pini ndiyo inayosema leo utasikika au utatawala.

Pini yenyewe inastahili kuangaliwa kwa karibu. Si chuma kitupu. Ndani yake mna rezista, kwa sababu safu moja inaweza kupokea ishara tatu au nne kwa pamoja, na bila rezista zingegongana na kuporomoshana. Zikiwa nayo, zinachanganyika. Rangi ya kichwa cha pini inaonyesha kiasi: nyeupe ina ohmu 2,700 na inapitisha ishara kwa nguvu, kijani ina ohmu 68,000 na inapitisha kidogo tu. Kwa hiyo ukitaka mlio utetemeke kwa upole badala ya kuruka kama mbuzi, unang'oa nyeupe na kuchomeka kijani.

Kampuni iliongozwa na Peter Zinovieff, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameuza taji la vito la mke wake ili anunue kompyuta ya studio yake ya Putney, kando ya Mto Thames. Sanduku la mashine lilibuniwa na mtunzi Tristram Cary, yuleyule aliyetunga muziki wa hadithi ya kwanza ya viumbe wa kubuni waitwao Dalek kwenye televisheni ya BBC mwaka 1963. Sauti za viumbe hao zilipatikana kwa ringi modyuleta, saketi inayozidisha ishara mbili na kutoa jumla na tofauti ya mitetemo yake: ingiza mitetemo 400 na 300, utapata 700 na 100, huku zile za mwanzo zimepotea. VCS3 ina saketi hiyo pia.

Wanamuziki waliielewa haraka. Kwenye wimbo "Won't Get Fooled Again" wa mwaka 1971, Pete Townshend wa The Who hakuitaka VCS3 ipige noti yoyote. Alikiingiza kinanda chake cha Lowrey ndani ya mashine, na mashine ikawa inakikatakata kwa mapigo. Hapo sinthesaiza si ala tena. Ni njia ambayo ala nyingine inapitia.

Mpiga kinanda wa taarabu ya kisasa, au wa kwaya ya kanisani, mara nyingi ana gurudumu dogo upande wa kushoto wa kibodi. Akilisukuma mbele, sauti inatetemeka. Ni ileile njia ya pini ya pili, ila kiwanda kimeichomeka moja kwa moja na kuifunika. Baadhi ya vinanda hivyo vina ukurasa kwenye menyu wa kubadilisha kasi ya mtetemo huo. Ukiwa na kimoja, kaa nacho jioni moja, shika noti moja, sukuma gurudumu hadi mwisho, kisha pandisha kasi kadiri kinanda kitakavyokuruhusu.