Kwa nini kumbukumbu hukimbia unapoogopa

MTANGAZAJI: Umeitwa kwenye mahojiano. Afisa anauliza mlivuka mpaka tarehe ngapi. Jana jioni ulimsimulia jirani vizuri kabisa. Leo tarehe haiji, jasho linakutoka. Unajiuliza: nimeanza kurukwa na akili? Na huyu ataniona mwongo?

Sikiliza habari ya panya. Mwaka 1998, huko Irvine, California, watafiti waliwafundisha panya kuogelea hadi kwenye jukwaa dogo lililofichwa chini ya maji. Kesho yake waliwapiga shoti ya umeme miguuni, kisha wakawarudisha majini. Panya waliopimwa nusu saa baada ya shoti walihangaika kulitafuta jukwaa. Waliopimwa dakika 2 tu baada ya shoti, au saa 4 baadaye, walikumbuka. Kwa hiyo kumbukumbu haikufutika. Ilizibwa kwa muda.

Iliziba vipi? Penye hofu ubongo hutoa peptidi, kitu kama kipande kifupi cha protini. Peptidi hiyo huamsha tezi iliyo chini ya ubongo, nayo hutuma peptidi nyingine kwa njia ya damu hadi kwenye tezi zilizo juu ya figo. Hizo ndizo humwaga homoni ya mfadhaiko. Safari hii huchukua dakika kadhaa, ndiyo maana panya wa dakika 2 hawakusahau. Na panya waliopewa dawa ya kuzuia homoni hiyo isipande, shoti haikuwasahaulisha.

Utasema, mimi si panya. Kweli. Lakini mwaka 2000 watu wenye afya njema walimeza kidonge cha kotisoni, ndugu wa homoni hiyo, saa 1 kabla ya kuulizwa maneno waliyojifunza jana yake. Walikumbuka machache.

La ajabu, homoni hiyohiyo, ikisaidiwa na noradrenalini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli za ubongo, hulikaza tukio la kutisha wakati linapotokea. Ndiyo maana mlio wa risasi hausahauliki, tarehe inapotea.

Basi kwenye mahojiano usibuni tarehe. Mwambie afisa: "Kwa sasa sikumbuki, naomba nipumzike kidogo." Kama unakumbuka majira, sema majira: tulikuwa tunavuna maharage.

Lakini kama unasahau kila siku hata ukiwa umetulia, au kulianza baada ya kupigwa kichwani, au pamoja na homa au kifafa, hiyo si hofu ya mahojiano. Nenda kituo cha afya, na umchukue mtu wa nyumbani aeleze anayoyaona.