MAZIWA GANI KWA YATIMA WA AYALA?

Mtu mwenye huruma akimkuta mnyama mchanga amelala peke yake majanini, jambo la kwanza analolifikiri ni maziwa, na maziwa yaliyo karibu aghalabu huwa ni ya ng'ombe. Humnywesha kwa chupa, naye mnyama hunywa kwa pupa. Baada ya siku chache mnyama huyo anahara, kisha hawezi kusimama, na mwisho huzikwa. Huruma ilikuwapo tele. Lililokosekana ni maarifa.

Wapo wafugaji waliolazimika kujifunza maarifa hayo kwa hasara, nao ni wafugaji wa ayala. Ayala ni mnyama anayetajwa katika Zaburi, ambaye dume lake huota pembe zenye matawi na kuziangusha kila mwaka. Katika Afrika nzima ayala wa asili hupatikana kaskazini tu, katika misitu ya Aljeria na Tunisia. Swala, pongo na kuro wa nchi zetu ni wa ukoo mwingine, ulio karibu zaidi na mbuzi na ng'ombe. Hata hivyo, yaliyogunduliwa juu ya kumlea ndama wa ayala yana mafunzo kwa kila askari anayepiga doria porini.

UFUGAJI ULIVYOANZA

Huko Uskochi, mwaka 1970, wataalamu walianzisha shamba la majaribio mahali paitwapo Glensaugh ili kupima kama ayala mwekundu wa milimani aweza kufugwa kama kondoo. Mmoja wa viongozi wa kazi hiyo alikuwa Kenneth Blaxter, bingwa wa elimu ya lishe ya mifugo. Ayala mkubwa aliyezaliwa porini hazoei ua wala binadamu, kwa hiyo walichukua ndama wachanga kutoka milimani wakawalea kwa chupa. Hivyo kundi la kwanza la shamba lile lilisimama juu ya msingi wa maziwa.

Mwaka huohuo wa 1970 leseni ya kwanza ya ufugaji wa ayala ilitolewa New Zealand. Nchi hiyo haikuwa na ayala hata mmoja mpaka Waingereza walipowaleta katika karne ya 19. Waliongezeka mno, wakala misitu na kuacha milima ikimomonyoka, hata katika miaka ya 1930 serikali ikaajiri wawindaji wa kuwaua. Baadaye watu waliona kwamba nyama yao ina soko Ulaya, nao waliowawinda kwa bunduki kutoka katika helikopta wakaanza kuwakamata wazima kwa nyavu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashamba ya New Zealand yalikuwa na ayala zaidi ya milioni moja na nusu, ingawa idadi hiyo imepungua sana tangu hapo.

Katika mashamba hayo majike wengi hunyonyesha ndama wao wenyewe. Chupa huhitajiwa pale jike anapokufa, anapomkataa ndama, au anapokosa maziwa. Hapo ndipo swali la maziwa gani huzuka, na jibu halingoji.

DANG'A KWANZA

Kabla ya kuzungumza juu ya maziwa yenyewe, hapana budi kutaja dang'a, yaani maziwa mazito ya manjano yanayotoka mara baada ya kuzaa. Mtoto wa binadamu hupata sehemu ya kinga ya maradhi angali tumboni. Ndama wa ayala, kama wa ng'ombe, mbuzi na kondoo, huzaliwa bila kinga hiyo, nayo yote humjia kwa njia ya dang'a. Tena utumbo wake huipokea kwa muda wa siku moja hivi tu, na kila saa inayopita mlango huo huzidi kufungwa. Ndiyo maana mfugaji mwangalifu hukamua dang'a ya mbuzi, kondoo au ng'ombe mwenye afya na kuihifadhi katika barafu akingojea siku ya dharura. Ndama aliyekosa dang'a aweza kupewa maziwa bora kupita yote, na bado akafa kwa ugonjwa mdogo.

HESABU YA MAZIWA

Sasa tulinganishe. Katika maziwa ya ng'ombe, mafuta ni kiasi cha asilimia 4 na protini kiasi cha asilimia 3. Maziwa ya mbuzi yanakaribiana na hayo. Maziwa ya kondoo yana mafuta asilimia 6 hadi 7 na protini asilimia 5 hadi 6. Maziwa ya ayala mwekundu yana mafuta asilimia 8 hadi 10, na protini yapata 7. Sukari ya maziwa haitofautiani sana baina yao wote.

Maana ya hesabu hiyo ni nyepesi. Ili ndama wa ayala apate mafuta yaliyomo katika lita moja ya maziwa ya mama yake, atahitaji lita mbili au zaidi za maziwa ya ng'ombe. Lakini tumbo lake ni dogo. Mlezi akimpa kiasi kile kile cha lita moja, ndama anadhoofika kwa njaa huku tumbo limejaa. Akimpa lita mbili kwa haraka, maziwa hupita bila kusagwa, na kuhara huanza. Ndiyo sababu wafugaji wengi wameangukia maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa wana-kondoo, kwa kuwa ndiyo yanayokaribia ya ayala kuliko mengine yanayopatikana madukani. Wengine, hasa Marekani, hushikilia maziwa ya mbuzi, ambayo ingawa ni mepesi husagwa kwa urahisi. Mlezi hukubali ndama akue polepole kuliko kumhatarisha.

Si kila mkebe wa unga unafaa, hata ukiwa na picha nzuri. Mnunuzi asome protini imetoka wapi. Katika majuma ya kwanza utumbo wa ndama umeumbwa kwa ajili ya protini ya maziwa, na ile ya soya humsumbua. Pia asithubutu kuongeza sukari ya chai kwa nia ya kumtia nguvu. Ndama wa wanyama wanaocheua hana chachu ya kuisaga sukari hiyo. Hubaki utumboni, ikavuta maji na kumharisha. Tena maziwa ya wana-kondoo huwa na madini kidogo ya shaba, kwani shaba ikizidi humdhuru kondoo, ilhali ayala huihitaji zaidi. Kwa hiyo mfugaji humwuliza daktari wa mifugo mapema.

Wingi wa mafuta pekee nao si habari yote. Nchini Kenya, Daphne Sheldrick, aliyefariki mwaka 2018, alihangaika miaka mingi na ndovu wachanga waliokufa kwa kunyweshwa maziwa ya ng'ombe. Alipata mafanikio alipotumia maziwa ya unga ya watoto yenye mafuta ya nazi badala ya mafuta ya maziwa. Basi kila mnyama ana maziwa yake, na linalomfaa huyu laweza kumwua yule.

NAMNA YA KUNYWESHA

Maziwa yawe ya vuguvugu, nyuzi 38 au 39, na chupa na chuchu ya mpira zioshwe kwa maji ya moto kila mara. Ndama anyweshwe akiwa amesimama, shingo imenyooka na kichwa kimeinuliwa kidogo, kama anyonyavyo kwa mama yake. Anyonyapo hivyo, mfereji maalum hujifunga na kuyapeleka maziwa moja kwa moja katika tumbo la nne, mahali pa kusagwa. Akimiminiwa kinywani kwa nguvu, maziwa yaweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia. Siku za mwanzo hupewa kidogo kidogo, mara nne hadi sita kwa siku. Kila baada ya kunywa mlezi humpangusa sehemu za haja kwa kitambaa chenye unyevu, kwani mama yake humlamba hapo ili apate kujisaidia.

Hatari nyingine hutokea baadaye. Dume aliyelelewa kwa chupa hukua bila kumwogopa binadamu. Msimu wa kupandana ukifika, humwona mlezi wake kuwa ni mshindani, na pembe zile zimeua watu. Wafugaji wenye busara hawamwachi dume wa namna hiyo atembee huru miongoni mwa watu.

NENO KWA ASKARI

Askari akikuta ndama wa pongo au wa swala pala amejikunyata majanini, asiharakishe kumwita yatima. Wanyama hao, kama ayala, huwaficha watoto wao na kwenda malishoni, kisha hurudi kuwanyonyesha. Anayemchukua ndama wa namna hiyo ndiye anayemfanya yatima. Ajitenge, aache alama ya mahali, na kutoa taarifa.

Lakini mama akionekana amekufa mtegoni au kwa risasi ya jangili, basi ndama awekwe kivulini, mbali na kelele na mbwa, na idara ya wanyamapori iarifiwe upesi. Saa chache za kungoja ni heri kuliko chupa ya maziwa yasiyofaa. Kumweka kambini kama kipambo ni kosa la sheria, tena ni hatari kwa afya, kwa maana kifua kikuu na maradhi mengine hupita kati ya mnyama na mtu. Askari amefunzwa kutambua silaha kabla ya kuishika. Na ailinganishe chupa na silaha: mkononi mwa asiyeijua, huua.