Dawa ya Kuyeyusha Damu Iliyoganda

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niwaeleze juu ya dawa moja ambayo babu yangu hakuiwahi. Sisemi haya ili kumlaumu mtu, bali nataka nyumba nyingine isipatwe na yale yaliyotupata sisi.

Babu yangu ni mzee wa Kilwa Kisiwani, na tangu ujana wake kazi yake ilikuwa uvuvi. Siku moja mwaka 2023, saa 11 alfajiri, alikuwa barazani akinywa kahawa, mara kikombe kikamponyoka. Mdomo ulikwenda upande, mkono wa kulia ukalegea, na maneno yake hayakufahamika tena. Wazee wakasema amepigwa na upepo. Akasuguliwa mafuta, akasomewa dua, kisha akalazwa apumzike. Nia zetu zote zilikuwa njema. Kesho yake adhuhuri ndipo tulipompakia katika mashua tukavuka naye Masoko, na kutoka hapo tukampeleka hospitali. Swali la kwanza la daktari lilikuwa hili: "Ilianza saa ngapi?" Tukajibu, "Jana alfajiri." Daktari akanyamaza kidogo, kisha akaendelea kuandika.

Kunyamaza kwake kulinitia hamu ya kujua. Niliuliza, nikasoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Maradhi haya huitwa kiharusi, nayo ni ya namna mbili. Namna ya kwanza, donge la damu iliyoganda huziba mshipa wa ubongo, na sehemu iliyo mbele ya donge hilo hukosa damu. Namna ya pili, mshipa hupasuka na damu ikamwagika ndani ya kichwa. Mgonjwa kwa nje huonekana vile vile katika namna zote mbili, lakini matibabu yake ni mbalimbali kabisa.

Donge la damu hushikwa na nyuzi ndogo sana ziitwazo faibrini. Mfano wake ni wavu: nyuzi zimefumana, na chembe za damu zimenasa ndani yake kama samaki. Mwili wenyewe unacho kisu cha kukatia wavu huo, lakini mara nyingi kisu hicho kimo alani. Dawa iitwayo alteplase hukichomoa kisu hicho, nyuzi zikakatika, na damu ikapita tena.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1933 mganga wa Marekani, William Tillett, alieleza kuwa vijidudu fulani hutoa kitu kinachoyeyusha damu iliyoganda. Dawa iliyotokana na kitu hicho, streptokinase, ilisaidia sana wagonjwa wa moyo, lakini ilipojaribiwa kwa kiharusi katika miaka ya 1990 iliwatoa wengi damu kichwani, majaribio yakasimamishwa. Mwaka 1995 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya alteplase kwa wagonjwa 624 huko Marekani. Katika kila 100 waliopewa dawa kabla ya saa 3 kupita, 39 walipona kabisa au karibu kabisa baada ya miezi mitatu. Katika kila 100 wasiopewa, walikuwa 26. Mwaka uliofuata dawa hiyo ikakubaliwa rasmi nchini humo, na mwaka 2008 ikathibitika kuwa yaweza kufaa hadi saa 4 na nusu. Dawa nyingine ya jamii hiyo, tenecteplase, hutolewa kwa sindano moja tu ya mara moja.

Lakini dawa hii ina ukali wake. Katika majaribio yale ya 1995, wagonjwa 6 hivi katika kila 100 waliopewa dawa walivuja damu ubongoni wakazidiwa. Na akipewa mtu ambaye mshipa wake umepasuka, ni sawa na kumzidishia maradhi yaliyomwangusha. Kwa hiyo hapana budi kichwa kipigwe picha kwanza kwa mashine ya CT, na presha iliyopanda mno ishushwe. Kwa sababu hiyo hiyo msimpe mgonjwa aspirini nyumbani, wala chakula wala maji, maana huenda hawezi kumeza.

Kwa nini haraka kiasi hiki? Mwaka 2006 mtaalamu mmoja alikadiria kuwa kwa kila dakika ambayo mshipa mkubwa umeziba, chembe za ubongo milioni 1.9 hufa. Chembe hizo zikishafa, hakuna dawa izifufuayo.

Sasa tutazame hali yetu. Kutoka Masoko hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 300, na Lindi nayo si karibu. Miaka ya karibuni Serikali imepeleka mashine za CT katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa, lakini mashine haimfuati mgonjwa kijijini. Mvua nayo ina amri yake: mwezi Mei 2024 barabara yetu ilikatika Somanga. Wala maradhi haya si ya nadra. Uchunguzi uliofanywa kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kuwa, hesabu ikisawazishwa kwa umri, Dar es Salaam walikuwa wagonjwa wapya 316 hivi kwa mwaka katika kila watu 100,000, na wilaya ya Hai 109 hivi.

Barabara hatuwezi kuifupisha. Lakini zile saa za barazani, za kungoja aamke vizuri, hizo zi mikononi mwetu. Mkimwona mtu mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, au maneno yamempotea, tazameni saa, iandikeni, na safari ianze hapo hapo. Mwenye kumwombea dua na amwombee njiani. Hata kama dawa hii haipo huko mwendako, au wakati wake umepita, hospitali bado ina mengi ya kumfanyia mgonjwa. Na lililo bora kuliko yote ni kupimwa presha kabla ya mambo hayo, maana presha ndiyo mlango mkubwa wa kiharusi, na kipimo chake hakiumizi.

Babu yu hai, alhamdulillahi. Hutembea kwa mkongojo, lakini mkono wa kulia haushiki kitu, na nyavu zake sasa hushonwa na mjomba. Kila mwezi mimi humvusha kwenda kupimwa presha. Nyumbani tumebandika ukutani namba za simu za mwenye mashua na za dereva, na juu yake tumetundika saa.

Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Sisi tulichelewa, ninyi msichelewe.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu