Pesa ya nyasi itumwe kabla ng'ombe hajalala chini

Ujumbe wa namna hii wengi wetu tunaujua. Unaingia usiku baada ya shifti, voisi ya dakika mbili: mvua imekataa, ng'ombe wawili walianguka jana na leo hawawezi kusimama, tuma chochote ulicho nacho. Na unatuma. Unakopa kwa mwenzako wa chumba, siku ya mapumziko unapanga foleni kwenye duka la kubadilisha fedha, unatuma dirhamu 300. Baada ya wiki unaambiwa ongeza.

Hapa huwa tunaandika kuhusu kiwanja, karo na SACCO. Mifugo tunaipita haraka, ilhali kwa msomaji anayetoka Marsabit, Kitui, Kajiado, Garissa au Simanjiro, mbuzi na ng'ombe ndiyo akiba yenyewe. Miaka mitatu ya kupika na kufua katika nyumba ya watu Jumeirah, au ya kufunga nondo juani, imesimama pale zizini kwa miguu minne. Na tofauti na hela ya benki, hii inaweza kufa kwa msimu mmoja.

Si maneno ya kutishana. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana ikiwa mibovu katika Pembe ya Afrika, ukame mbaya kuliko wowote katika miaka 40. Kenya peke yake mifugo zaidi ya milioni 2.4 ilikufa. Kati ya hao walikuwemo waliolipiwa kwa dirhamu.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiyo kazi yetu. Mwaka 2011, wakati wa ukame, shirika la WSPA, ambalo leo linaitwa World Animal Protection, lilitoa matibabu kwa mifugo ya Mwingi. Wachumi walipopiga hesabu baadaye, waliona kila dola 1 iliyotumika iliokoa hasara ya dola 2.74 ndani ya mwaka mmoja. Sisi tunaona siri ni wakati. Pesa ikifika mnyama akiwa bado ana nguvu, inanunua uhai. Ikifika amelala chini, mara nyingi inanunua siku tatu za kumtazama.

Chukua mfano. Mshahara wako tuseme ni dirhamu 1,200, na nyumbani kuna mbuzi 30. Unaweka dirhamu 30 kila mwezi, basi. Kwa mwaka ni dirhamu 360, na tukikadiria shilingi 35 za Kenya kwa dirhamu, hizo ni shilingi 12,600. Toa 3,000 za dawa ya minyoo na chanjo. Zimebaki 9,600. Bei za nyasi hutofautiana sana, kwa hiyo weka za kwenu, lakini tuseme robota la kilo 15 ni shilingi 250 baada ya mvua ndefu, nyasi zikiwa tele, na 500 ukame ukishashika. Ukinunua mapema unapata marobota 38. Ukingoja voisi ya usiku unapata 19.

Marobota 38 ni kilo 570. Mbuzi wa kuwekwa hai tu, si wa kunenepa, mpe kama kilo moja kwa siku. Kwa mbuzi 30 hizo ni siku 19, hazitoshi chochote. Kwa mbuzi 10 ni siku 57, karibu miezi miwili, na miezi miwili mara nyingi ndiyo inayotenganisha zizi lenye kitu na zizi tupu. Maana yake ni kwamba huwezi kulisha wote. Chagua majike wazuri wanaozaa, hao ndio mtaji. Mabeberu ya ziada na wazee wauzwe mapema wakiwa bado wana nyama, kwa sababu ukame ukikolea kila mtu anapeleka sokoni na mnyama aliyekonda anaenda kwa bei ya kutupa.

Hapo ndipo simu huwa ngumu. Mzee hataki kuuza. Hebu tusimwone mjinga: yeye ameona ukame mingi, na anajua mwenye mbuzi 60 akipoteza nusu anabaki na 30, mwenye 10 akipoteza nusu anaanza upya. Kundi kubwa ndiyo bima aliyorithi. Tena kuna heshima yake mbele ya watu. Ukimwambia tu "Baba, uza", atasikia kijana wa Dubai amesahau kwao. Wanaofanikiwa, tulivyoona, huenda na ahadi iliyo na namba: Baba, tuuze mabeberu sita mwezi huu, hela iingie kwenye mfuko wa nyasi, na mvua zikinyesha nitatuma ya mitamba miwili ya mbuzi. Halafu atume kweli. Mama naye aulizwe. Mara nyingi ndiye anayejua yupi anazaa mapacha na yupi anakula bure.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana. Kama kila mara unapotuma unakatwa dirhamu 20, tuma tano za dharura zinakula dirhamu 100, yaani zaidi ya miezi mitatu ya mfuko wako. Afadhali weka kila mwezi hapa hapa, tuma mara mbili kwa mwaka: moja mwezi wa sita au wa saba ya nyasi, nyingine kabla ya mvua ya dawa. Na si lazima hela ipite mkononi mwa kaka. Duka la dawa za mifugo lina namba ya till. Omba ndugu alipie hapo, akutumie picha ya risiti na marobota yakiwa ghalani juu ya mbao, si chini kwenye unyevu. Usione haya kuomba hesabu ya vichwa kila baada ya miezi minne. Hata kampuni yako inahesabu stoo.

Kwa Kenya, NDMA hutoa taarifa ya ukame kila mwezi kwa kila kaunti yenye ukame, ikieleza kama hali ni ya kawaida, ya tahadhari, ya hatari au ya dharura. Inasomwa bure kwenye simu. Neno tahadhari likitokea kwa kaunti yenu, huo ndio wakati wa kupiga simu nyumbani kuhusu nyasi na soko. Ukingoja neno dharura, bei zimeshakupita.

Bima ipo pia. Mwaka 2010 ILRI na wenzake walianza Marsabit bima inayotumia picha za setilaiti: haihesabu mizoga, inaangalia malisho yamekauka kiasi gani. Mwanzoni ililipa kufidia wanyama waliokufa. Baadaye ikabadilishwa ilipe mapema, ili mfugaji anunue chakula wakiwa hai. Serikali nayo ilianza mpango wake Turkana na Wajir mwaka 2015, ikilipia kaya zilizochaguliwa. Kwa Waislamu wanaoogopa riba, Takaful Insurance of Africa iliwahi kuuza ya kwake na kulipa Wajir mwaka 2014. Katika hesabu hizo ng'ombe mmoja ni sawa na mbuzi au kondoo 10. Huuzwa kabla ya msimu wa mvua, si katikati. Lakini ujue unanunua nini: ni ya ukame tu, ugonjwa na mafuriko haimo. Na setilaiti ikiona kijani haijui kama ni nyasi au ni mathenge ambayo ng'ombe wako hali. Sisi tungenunua ya majike wachache na bado tuweke nyasi.

Ukame ukiisha nao una mtego. Mbuzi aliyedhoofika hufa kwa baridi ya mvua ya kwanza, hivyo banda lenye paa hata la mabati chakavu si anasa. Baada ya mvua kubwa za 1997 na za mwisho wa 2006, Homa ya Bonde la Ufa ililipuka kaskazini mashariki mwa Kenya, ikaua mifugo na watu. Chanjo yake huchomwa kabla. Ugonjwa ukishaingia, sindano moja kwa wanyama wengi inaweza kuusambaza, kwa hiyo hela ya chanjo inayofika wakati wa mlipuko imechelewa kabisa.

Na walio pwani na kando ya mito? Mwezi wa tano 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani ya Tanzania upande wa Mafia, kwa hiyo tusiseme tena vimbunga ni vya Marekani. Muulize jamaa wa Bangladesh mnayelala naye kambini kuhusu "killa". Baada ya kimbunga cha Novemba 1970 kilichoua watu wasiopungua laki tatu, kwao walijenga vilima vya udongo ambapo ng'ombe hupandishwa maji yakija. Tana River au Rufiji, kilima cha ukoo mmoja ni kazi ya majembe na siku kadhaa za chakula cha vibarua. Tena kinaokoa watu, kwa sababu wapo wanaokataa kuhama wakiacha ng'ombe. Marekani waliliona hilo kwenye Katrina, watu wakibaki na mbwa wao majini, na mwaka 2006 wakatunga sheria kwamba mipango ya kuhamisha watu izingatie na wanyama wao.

Jambo moja la hapa Dubai kabla hujaanzisha harambee kwenye kundi la WhatsApp. Kuchangisha michango bila kibali ni kosa katika nchi hii. Kuna amri ya Dubai ya 2015 na sheria ya shirikisho namba 3 ya 2021. Nia njema haikukingi, na hata tangazo tu la kuchangisha linaweza kukuletea matata. Tuma hela yako mwenyewe kwa watu wako mwenyewe. Mkitaka mfuko wa kijiji, uanzishwe kule kule na chama kilichosajiliwa, chenye akaunti yake na watia saini watatu wanaoishi huko, na fedha zikusanywe huko, si hapa.